Vile kijana wangu aliacha chupa akashika kikombe

Binti yangu wa kwanza aliacha chupa akikaribia miaka mitatu na hiyo kuchelewa ililipwa na meno yake manne ya mbele ya juu. Nilianza kuona kamstari keupe kama chaki pale jino linatokea kwa ufizi, halafu kakageuka kahawia, na unajua sisi hapa Nakuru kahawia kwa meno haishtui mtu, manake maji yetu mengi ya boholi yako na floraidi na watu wengi waliokulia huku wako na hayo meno. Nikajiambia ni maji tu. Daktari wa meno alimwangalia hata dakika haikuisha akaniuliza, "Mama, huyu analala na chupa?"

Nikanyamaza. Akanieleza pole pole, hakunigombeza, akasema ya floraidi inaonekana zaidi kwa meno ya ukubwani, lakini hii ya kuanzia kwa ufizi kwa meno ya mbele juu ni maziwa. Mtoto akilala mate yanapungua, maziwa yanabaki yamezunguka meno usiku mzima, na maziwa yako na sukari yake hata kama hujatia kijiko. Meno ya chini yanafunikwa na ulimi, ndio maana yake ya chini yalikuwa mazima. Nilitoka hapo nikimbeba na nikalia kwa matatu mpaka Free Area.

Kwa hivyo huyu kijana wa pili nilijipanga mapema. Chupa sikuweza kuikwepa, likizo ya uzazi ni miezi mitatu na kazi inakungoja, nilikuwa nakamua asubuhi naacha na dada wa kazi, ikipungua tunaongeza ya kopo. Alipofika miezi sita tukaanza uji na hapo hapo nikamwekea kikombe pembeni, kale kadogo ka plastiki ka kawaida, na maji kidogo tu yaliyochemshwa yakapoa. Siku za kwanza yote yanaishia kwa kifua. Sawa tu, hapo hujaanza kumnyima chupa, unamzoesha mdomo.

Kitu ilinifungua macho ni nasi wa kliniki siku ya chanjo ya surua ya miezi tisa. Nilimwambia nimetafuta kile kikombe chenye mdomo na mfuniko, wenyewe wanaita sipi kapu, na mtoto anakitafuna tu anakitupa. Akaniambia mama, si lazima hata hicho, watoto njiti wodini wanalishwa maziwa na kikombe cha kawaida, sasa huyu wa miezi tisa anashindwaje? Mimi sikuwa najua hiyo kabisa. Akanionyesha: mtoto awe amekaa wima, si kulala kwa mkono, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, unainamisha mpaka maziwa yaguse tu mdomo halafu unangoja. Usimmwagie ndani. Atavuta mwenyewe, atapumzika, atarudi. Mimi nilikuwa namwagia ndio maana alikuwa anapaliwa na kukataa.

Halafu akashika ile sipi kapu yangu akaigeuza akanionyesha kale kampira ka ndani kanakozuia isimwagike. Yaani kile kitu kinafanya mtoto afyonze kwa nguvu, ile ile ya chupa au zaidi, na mtoto hajui kwa nini hakuna kitu kinatoka. Ukikatoa maziwa yanatoka yenyewe akiinua. Nikakatoa siku hiyo hiyo. Kweli itamwagika, weka robo ya kikombe tu na umfunge kitambaa shingoni, lakini ndani ya wiki alikuwa anainua mwenyewe na mikono miwili. Kama unaenda kununua, chukua yenye vishikio viwili, isiyo na vipembe vingi ndani, manake hako kampira na mfuniko vinashika maziwa na kuota ukungu usipovifungua vyote ukaosha. Yenye mrija pia ni nzuri, wengine wanaishika haraka kuliko ya mdomo. Usinunue tatu kwa siku moja kama mimi.

Sasa chupa zenyewe. Sikutoa zote mara moja. Nilitoa ya saa sita mchana kwanza, manake mchana mtoto amechangamka, kuna chakula, kuna wenzake, hata hakuiulizia sana. Siku kama tano hivi nikatoa ya saa kumi, halafu ya asubuhi. Ya usiku nikaiacha mwisho kabisa.

Hapa katikati mama mkwe akaja kutoka Kakamega kutuona, na nampenda sana, amelea watoto saba. Lakini siku moja nikarudi kazini nikapata chuchu ya chupa imekatwa tundu kubwa na mtoto amelazwa ananyonya uji wa wimbi. Kwa kukhu, yaani nyanya yake, hiyo ni kumsaidia mtoto ashibe haraka. Sikutaka kumkosea heshima mbele ya dada wa kazi, nikangoja tumemaliza chai ya jioni nikamwambia, "Mama, nasi amenikataza uji wa chupa, anasema mtoto anaweza kupaliwa na hatajifunza kutafuna." Halafu nikamwonyesha picha za meno ya binti. Akaziangalia kitambo. Kutoka kesho yake yeye ndiye alikuwa anamnywesha uji na kikombe, anamngoja, ana subira kunishinda. Hii ya nyumba yote kukubaliana nawaambia wamama wenzangu ndiyo inavunja wengi, wewe unatoa chupa na mwingine anairudisha ukiwa kazini, mtoto anajifunza tu kulia mpaka saa ile mtu mwenye huruma anafika.

Nilikuwa na wasiwasi maziwa yamepungua. Kutoka chupa nne kubwa mpaka vikombe viwili vidogo, lazima uogope. Lakini alikuwa ameshafika mwaka, na mtoto akishapita mwaka kama nusu lita ya maziwa kwa siku inamtosha akila vizuri. Tena maziwa mengi kupita hapo yanamshibisha na kumfanya akatae chakula chenye madini ya chuma, damu inapungua. Nikajazia kwa yai, kwa omena iliyosagwa kwa ugali laini, maziwa mengine ndani ya uji, mala kwa kijiko. Nepi zilikuwa zinalowa kama kawaida na kilo kwa kitabu cha kliniki zikaendelea kupanda, nikatulia. Kama wako hajafika mwaka hii usiifuate, huyo bado anahitaji maziwa yake ya mama au ya kopo kwa kipimo kamili, unabadilisha chombo tu, na maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu.

Ya usiku ndio ilikuwa kazi. Nilichukua muda kuelewa kwamba hii chupa ya mwisho haikuwa na uhusiano na njaa, alikuwa amekula ugali na mboga ameshiba, alikuwa anaitaka kwa sababu hajui njia nyingine ya kulala. Nikimpa kikombe kitandani anakasirika kabisa, na ana haki, kikombe hakilazi mtu! Ndio nikaacha kupigana na chupa nikaanza kutafuta usingizi. Maziwa ya usiku yakahamia mezani, kwa kikombe, taa zikiwaka, tukiwa wote. Halafu kupiga mswaki. Halafu ndio chumbani, taa inazimwa, namfunga na leso mgongoni natembea naye nikimwimbia ule ule wimbo mmoja kila siku mpaka analegea.

Usiku wa kwanza alilia karibu saa nzima. Nilikuwa naye, sikumwacha alie peke yake, hiyo mimi siwezi na sitamwambia mtu afanye. Wa pili nusu saa. Wa tatu akalia tena sana nikakaribia kuwasha jiko nichemshe chupa, baba yake akamchukua akatoka naye kwa korido wakaangalia mwezi. Wa nne alinung'unika kidogo akashika pindo la leso akalala. Akiamka katikati ya usiku ni maji peke yake, kwa kikombe.

Tulianza ya usiku baada ya homa yake kuisha, na naona ilisaidia. Mtoto akiwa mgonjwa, au mmehama, au dada wa kazi amebadilika juzi, ngojeni wiki mbili, haina hasara. Ila usingoje miaka kama mimi na wa kwanza, kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu ni wakati mzuri, baada ya hapo anaijua kwa jina na anajua mahali unaificha.

Na sipi kapu isigeuke kuwa chupa nyingine. Kutembea nayo siku nzima ikiwa na juisi au chai ya maziwa, au kulala nayo, ni meno yale yale. Ya kutembea nayo ni maji, hayo mengine yanywewe mezani.

Chupa mbili zilikuwa zimebaki kabatini. Nilikata chuchu zote na makasi nikatupa, manake najua usiku wa homa ningezitafuta.