Mwulize kama mate yana damu: kwa wauguzi wapya wa kliniki ya wajawazito

Wadogo zangu mnaoanza kazi kliniki ya mama na mtoto, kuna jambo ambalo chuoni hupitiwa haraka mno: kinywa cha mjamzito.

Swali la "mama, una shida ya meno?" halisaidii. Nililiuliza kwa miaka, nikajibiwa "hapana" na akina mama ambao fizi zao zilikuwa zimevimba na kuiva kwa wekundu. Hawakunidanganya. Kwa wengi wao, shida ya meno ni jino linalouma mpaka usingizi unakataa. Damu kwenye mswaki wanaihesabu kuwa ni mambo ya mimba tu, sawa na kichefuchefu na miguu kujaa. Ulizeni hivi: "Ukipiga mswaki, mate yanatoka na damu?" Hapo utasikia "ndiyo, tangu mwezi wa tatu", na wengine wataongeza kwamba wameacha kupiga mswaki ili damu isitoke.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Homoni za ujauzito huzifanya fizi zisiuvumilie ukoga kama zamani. Akiacha mswaki ukoga unazidi, damu inazidi, na hofu nayo inazidi. Mwambie atumie mswaki laini asubuhi na kabla ya kulala, na dawa ya meno yenye floridi, na asiruke mahali panapotoa damu. Pale ndipo pa kusafisha zaidi, taratibu.

Mtawasikia pia kina bibi wakisema mtoto hula meno ya mama yake, kwa hiyo kila mimba lazima iondoke na jino. Msiwacheke. Wameona kweli wanawake waliozaa mara nyingi wakiwa na mapengo, ila sababu ndiyo siyo. Madini ya mtoto hutoka kwenye chakula cha mama, na kikipungua hutoka kwenye mifupa yake. Meno hayatoi kitu. Kinachoyaumiza ni asidi ya kutapika, soda na vitu vitamu anavyoonjaonja kutuliza kichefuchefu, na mswaki ulioachwa kwa sababu unamtapisha. Akitapika, asukutue kwa maji kwanza, asubiri kama nusu saa, ndipo apige mswaki. Na muulizeni kuhusu udongo, lakini kwa upole, maana ukikunja uso atakuficha hata mengine. Udongo wenye mchanga unasaga meno, mbali na madhara yake mengine.

Sasa kosa langu. Mama mmoja wa miezi mitano alikuja na gego lililotoboka. Niliogopa ganzi, nikamwambia, "Vumilia mpaka ujifungue." Alirudi baada ya wiki chache uso umevimba upande mmoja, mdomo haufunguki vizuri, na amekwisha kumeza vidonge vya rangi mbili alivyonunua dukani bila kujua ni dawa gani. Mpaka leo sauti yangu ile ya "vumilia" inaniuma. Ganzi ya lignokeini inafaa kwa mjamzito. Jino linaweza kuzibwa au kung'olewa. Mwezi wa nne hadi wa sita ndio mwepesi zaidi kwake, lakini usaha haungoji mwezi. Mimba ikiwa kubwa, alazwe kwa kuegemea ubavu wa kushoto kidogo, na mto chini ya nyonga ya kulia. Kwa maumivu, parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni asijichukulie dukani. Tetrasaiklini iepukwe kabisa, maana hutia rangi meno ya mtoto ambayo hata hayajaota.

Mtaniuliza muda mtaupata wapi, na foleni ile mmeiona. Mimi huutumia wakati wa SP, vile vidonge vya kumkinga mjamzito na malaria. Mama anameza vidonge mbele yako, kikombe mkononi. Mwombe afungue kinywa tena, angaza kwa tochi ya simu, tazama fizi za mbele na magego ya chini. Haifiki dakika moja. Ukiona kinundu chekundu kwenye fizi, usimtishe kwa neno "uvimbe" na kumwacha hapo. Mara nyingi ni kile cha ujauzito, na vingi hunywea mama akishajifungua, ila tabibu wa meno akione.

Na karatasi ya rufaa pekee haitoshi. Ataikunja ndani ya kadi, na mwezi ujao utaikuta hapohapo. Kama chumba cha meno kiko ndani ya kituo, msindikize siku hiyohiyo, mwambie tabibu mimba ina wiki ngapi na anatumia dawa gani, kisha ndipo urudi kwenye foleni yako.