Kupanda Elgon na kufundisha: nenda Februari

Dada, umeuliza kama Januari inafaa kupanda Elgon na kujitolea kufundisha wiki mbili Kapchorwa. Kupanda sawa, ni kiangazi. Kufundisha hapana: shule za Uganda zinakuwa likizo, muhula wa kwanza huanza Februari. Sogeza safari hadi hapo, ila umalize kabla ya mvua za Machi. Udongo wa mlima ule ukishiba maji ni hatari; Machi 2010 ulifukia kijiji cha Nametsi, Bududa.

Darasa la kwanza hadi la tatu husoma kwa lugha ya nyumbani, na huko ni Kupsabiny, kwa hiyo omba la tano au la sita, wanaosoma kwa Kiingereza. Nilipokuwa huko, watoto walikuja asubuhi na viatu mkononi visilowe umande, wakavivaa mlangoni. Watoto wa namna hiyo usiwaanzishie mada ukaiacha nusu, nakuomba sana. Siku ya kwanza kaa na mwalimu wao, muulize amefika wapi, uendelee hapo hapo.

Kilele cha Wagagai, mita 4,321, kiache mwisho: siku nne au tano, pamoja na mwongozaji wa hifadhi.