"Unatumia simu saa ngapi?" Swali moja linavyoharibu utafiti mzima

Wiki hii umeingia ujumbe wa mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Ana dodoso la maswali 64 kuhusu vijana na intaneti, Jumatatu anaingia nalo shule nne za sekondari, na anaomba "kupitishiwa macho tu". Swali la saba: "Unatumia simu saa ngapi kwa siku?" Tuanzie hapo, maana anayeomba msaada huu ni mmoja na wanaouhitaji ni wengi.

Mtoto wa kidato cha pili akijibu "saa tatu", huenda anamaanisha kwamba simu ya mama anaipata saa tatu usiku. Aliyekaa naye dawati moja akijibu "saa tatu", huenda amejumlisha muda wote wa siku. Mwenye kuingiza takwimu anaandika 3 na 3. Akija wa tatu na "saa tisa", inaandikwa 9, na hakuna anayeshtuka kwamba yule alisema saa tisa alasiri, akitoka shule. Ukipiga wastani hapo, unachanganya muda na majira. Hakuna programu ya takwimu itakayokuonya, kwa sababu kwake yote ni namba.

Kosa hili halionekani kwenye dodoso la Kiingereza ulilolitafsiri, na kulirudisha dodoso kwenye Kiingereza ili ulinganishe hakulifichui, kwa sababu mfasiri anajua ulichokusudia. Linafichuliwa na watoto wenyewe. Chukua watoto wanane hadi kumi wa umri uleule, wasiokuwa kwenye sampuli yako, kaa na mmoja mmoja, msomee swali, kisha umwambie: "Hebu nieleze kwa maneno yako, nimekuuliza nini?" Siku mbili za kazi hiyo zina faida kuliko mwezi wa kusafisha takwimu.

Kwa muda, uliza kuhusu jana, na uipitie siku vipandevipande: kabla ya kwenda shule, njiani, baada ya kurudi, baada ya kula usiku, kitandani. Kila kipande kiwe na dakika zake: hakuna kabisa, chini ya dakika 15, dakika 15 hadi 30, dakika 31 hadi 60, zaidi ya dakika 60. Ukihitaji majira, andika namna mbili: saa 3 usiku, 21:00. Na ujihadhari na "usiku wa Ijumaa". Kwa wengi wa pwani, siku huanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi baada ya magharibi. Kwa mwingine ni Ijumaa yenyewe usiku. Kama unapima usingizi wa siku za shule dhidi ya wikiendi, neno hilo moja linakupindulia jedwali. Andika "jana usiku baada ya kula", basi.

Hata swali likinyooka, kumbukumbu ya mtu haiaminiki sana. Uchambuzi wa Parry na wenzake, uliotoka 2021 kwenye jarida la Nature Human Behaviour, ulikusanya tafiti zilizolinganisha watu walichosema na simu zao zilichorekodi, ukakuta uhusiano wa wastani tu. Unaweza kuomba mhojiwa afungue Mipangilio, aingie Nidhamu Dijitali, akusomee dakika za jana. Lakini kwetu simu moja ina watumiaji watatu, na simu nyingine za bei ndogo hazina kipengele hicho. Kwa hiyo "simu ni ya nani?" na "jana nani mwingine aliishika?" yawe maswali ya mwanzo kabisa, sio nyongeza ya ukurasa wa mwisho.

Swali la kwanza la dodoso lile nalo lina yake: "Je, unatumia mtandao?" Kuna atakayekujibu "Airtel". Si mjinga; mtandao ni Airtel, na "hakuna mtandao" ni mnara umeanguka. Ukisema "intaneti", utakutana na lile ambalo watafiti wa taasisi ya LIRNEasia waliligundua Indonesia mwaka 2012: watu walisema hawatumii intaneti, kisha wakaeleza kwa kirefu wanavyotumia Facebook. Taja vitu. WhatsApp, TikTok, YouTube, kupakua michezo, kuomba hotspot kwa jirani, kununua bando. Jibu la "ndiyo" kwa chochote kati ya hivyo ndiyo mtumiaji wako wa intaneti. Video aliyorushiwa na rafiki bila bando iwekee swali lake peke yake: haijapita intaneti kwenye simu yake, lakini huenda ndiyo iliyomtia hofu.

Halafu kuna "mgeni". Dodoso lile linauliza kama mtoto amewahi kuzungumza na "wageni" mtandaoni. Mtoto wa Kiswahili amefundishwa tangu anatambaa kwamba mgeni anakaribishwa, anapewa maji, anapewa kiti. Mtu wa hatari haitwi hivyo. Andika "mtu ambaye hujawahi kuonana naye ana kwa ana", na utenganishe na "mtu unayemjua lakini si rafiki yako". Utenganisho huo si urembo. Mradi wa Disrupting Harm wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF kuhusu ukatili wa kingono dhidi ya watoto mtandaoni, uliohoji watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti katika nchi zaidi ya kumi, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba anayemdhuru mtoto mara nyingi ni mtu ambaye mtoto anamjua tayari. Dodoso linalouliza habari za wageni peke yao limeshaamua jibu kabla ya kumwona mtoto.

Maneno mazito kama "unyanyasaji" na "ukatili wa kijinsia mtandaoni" yaache kwenye utangulizi wa tasnifu. Kwa mtoto uliza tendo: "Katika miezi 12 iliyopita, kuna mtu aliyekuomba picha yako ukiwa bila nguo? Alikuwa na umri gani hivi? Ulijisikiaje?" Usiishie kwenye ndiyo na hapana. Marekani, mwaka 1999 na 2000, timu ya David Finkelhor ya Chuo Kikuu cha New Hampshire ilihoji vijana 1,501 wa miaka 10 hadi 17, na asilimia 19 walikuwa wamepata maombi ya kingono wasiyoyataka mtandaoni. "Mtoto mmoja kati ya watano" ikazunguka dunia kana kwamba wote wamewindwa na watu wazima. Ripoti yenyewe ilisema sehemu kubwa ya waombaji walikuwa vijana wenzao, na waliofuatwa kwa simu, barua au ana kwa ana walikuwa asilimia 3. Waliweza kusema hivyo kwa sababu waliuliza maswali ya nyongeza. Wewe usipouliza, huna namna ya kujitetea namba yako ikitoroka.

Mahali pa kuulizia napo panajibu. Shule nyingi simu ni marufuku. Mwalimu akisimama mlangoni, darasa zima "halitumii simu". Mwalimu atoke, watoto waachane nafasi ya dawati moja, karatasi iwe na namba bila jina, na kila mmoja aitumbukize mwenyewe kwenye sanduku lililofungwa. Usimpe kiranja azikusanye, kiranja anasoma. Kwa shule za bweni "jana" haina maana, uliza siku ya mwisho ya likizo. Nyumbani, kaeni mahali mama anawaona lakini hasikii mnachosema: chini ya mwembe, barazani upande wa pili.

Vibali sitarefusha: barua ya chuo, mkoa, wilaya, halmashauri, mkuu wa shule, na kamati ya maadili kabla ya hao wote. Ridhaa ni mbili, ya mzazi na ya mtoto, na ya mtoto haifutwi na ya mzazi. Usiahidi siri isiyo na mpaka. Sema: "Sitamwambia mtu, isipokuwa nikiona uko hatarini, na nitakueleza kwanza." Kabla ya siku ya kwanza uwe na namba ya afisa ustawi wa jamii, ujue Dawati la Jinsia na Watoto liko kituo gani, na uipige 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, mwenyewe kuhakikisha inapokelewa. Mtoto akitaka kukuonyesha picha aliyotishiwa nayo, usiipokee, usiipige picha, usijitumie.

Upande wa afya, dodoso lile lina maswali 22 ya msongo na hakuna hata moja la usingizi. Weka hili: "Usiku simu inalala wapi?" Kitandani, chumbani, sebuleni, kwa mzazi. Linajibiwa bila aibu, na usingizi una vipimo vya kulinganishia. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa wa miaka 13 hadi 18; anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi daladala alitakiwa awe amelala saa 3 usiku. Ila usiandike kwamba simu "inasababisha" msongo kwa dodoso la siku moja. Watafiti Orben na Przybylski walichambua takwimu za vijana 355,358 katika makala ya mwaka 2019, wakakuta matumizi ya vifaa vya kidijitali yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Kuvaa miwani kulihusiana na kushuka kwa ustawi zaidi ya hivyo vifaa.

Maswali ya picha na vitisho yasiwe ya mwisho. Malizia na jambo jepesi, mchezo anaoupenda au video iliyomchekesha, ili asitoke amejikunyata. Kisha kila mtoto, aliyesema ndiyo na aliyesema hapana, apewe kikadi kilekile chenye 116 kilichochapwa nyuma ya ratiba ya masomo. Kikadi chenye neno "ukatili" kikikutwa mfukoni nyumbani, maswali ya baba yatakuwa magumu kuliko yako.