Muulize Mama Makoti: Baridi Imeingia, na Wauzaji Wanajua

Barua za mwezi huu nyingi zimeandikwa na watu wenye baridi. Ni Juni, Mbeya maji ya bomba asubuhi yanauma meno, na kila aliyehamishiwa huku na nguo za pwani ameshafika soko la Sido kuulizia koti la mtumba. Mimi nimeuza makoti ya mtumba soko la Mwanjelwa, lile la kabla ya moto wa 2006, nikaendelea hadi magoti yalipogoma kuchutama. Wauzaji wengi wa sasa nimewaona wakiwa watoto wanabeba mabelo, yale marobota ya mitumba. Haya, tuanze.

Shikamoo Mama Makoti. Mimi ni mwalimu, nimehamishwa kutoka Tanga mwezi wa tano. Nikifungua mdomo tu wauzaji wanajua ni mgeni, koti wananitajia 35,000. Mwenzangu shuleni kanunua linalofanana nalo kwa 18,000. Nijifunze Kisafwa? — Mgeni wa Forest

Marahaba mwanangu, karibu Mbeya. Kisafwa jifunze kwa ajili ya majirani, kwa muuzaji hakitakupunguzia hata mia. Kinachokuponza si lafudhi, ni hiyo mikono uliyoificha kwapani. Muuzaji akimwona mtu anatetemeka, bei ameshaipanga kabla hamjasalimiana. Nenda saa saba mchana jua likiwaka, umevaa vya kutosha, hata kama ni vya kuazima.

Ukifika, usianze na bei. Ukiuliza "bei gani?" hata hujalishika, umeshamwambia kwamba umelipenda. Anza na zipu. Ipandishe yote, ishushe yote, tena na tena, usiishie katikati maana ubovu hukaa chini kwenye kishikizo. Zipu ya koti ikifia hapo chini hairekebishwi kwa koleo, mara nyingi inatolewa nzima, na fundi cherehani anayejua kazi hafanyi hivyo kwa buku, yaani elfu moja. Kabla ya kwenda sokoni mpitie fundi wako umuulize zipu ndefu anabadilisha kwa shilingi ngapi. Hiyo ndiyo namba utakayoitoa kwenye bei ya koti, na muuzaji hawezi kubishana nayo kwa sababu hata yeye anaijua.

Kisha geuza koti nje ndani. Bitana huchanika kwapani na mfukoni. Ya mfukoni si kitu, utashona mwenyewe, ila ya kwapani ikishachanika ujue na mshono wa nje unafuata. Kifungo kikikosekana usinune: chungulia kwenye mshono wa ndani, ubavuni chini, makoti mengi hushonewa kifungo cha akiba pale. Muuzaji kama hajakiona, wewe nyamaza, omba akupunguzie.

Kama ni la sufu, liinue juani ulitazame dhidi ya mwanga. Vitundu vidogo vidogo ni kazi ya nondo. Kimoja kinazibika, vikisambaa mgongoni liache. Lebo ikisema "wool" peke yake, hilo ni sufu tupu, litakupa joto hata likilowa kidogo, ila ukilifua kwa maji ya moto litamtosha mwanafunzi wako wa chekechea. Maji baridi, sabuni kidogo, usilikamue, ulianike limelala.

Baada ya hapo ndipo uulize bei. Akisema 35,000, wewe sema 15,000 bila kucheka, umwonyeshe ulichokiona. Mtakutana kwenye ishirini na kitu. Akikataa ondoka kweli, si ile ya kuondoka huku shingo imegeuka nyuma. Na noti zako zitenganishe mapema. Mtu anayelia hana hela huku akichomoa misimbazi minne, noti za elfu kumi, haaminiki.

Mama, nilinunua buti 30,000. Ndani zilikuwa safi kama hazijawahi kuvaliwa. Wiki ya pili natoka shambani, soli imemeguka vipande vipande. Muuzaji anasema nimezivaa vibaya. Buti huvaliwaje vibaya? — Wa Tukuyu

Pole sana baba. Hukuzivaa vibaya, na si lazima alikuibia. Kiatu kile kilikuwa kipya usoni na kizee chini. Soli nyingi nyepesi za buti na raba hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki nyepesi, na adui wa poliyurethani ni unyevu wa hewa. Huila polepole mwaka hadi mwaka, hata kiatu kikiwa kimetulia kabatini kwa mtu huko Ulaya. Siku kinapoingia belo kinang'aa. Siku kinapokutana na udongo wa Tukuyu, ambako mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, kinabomoka kama andazi lililolala.

Kwa hiyo buti safi mno ndizo za kuogopa. Bonyeza pembeni mwa soli kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukiacha shimo lisilorudi, au ukatoka na unga au kunata, rudisha mezani. Kunja kiatu kwa mbele utazame kama kuna ufa mwembamba. Ukiona soli imepigwa rangi nyeusi mbichi, uliza inaficha nini. Mpira mzito wa kizamani haumeguki hivyo, hata ukichakaa unachakaa kwa heshima.

Hizo zako usizitupe. Kama juu ni ngozi halisi, fundi viatu atazibandika soli nyingine na kuishona kwa uzi. Na ukienda tena, tazama namba za miguu yote miwili, maana 42 na 43 hufungwa kamba pamoja mara nyingi kuliko mnavyodhani. Namba nane ya Uingereza ya kiume ni kama 42, lakini nane ya Marekani ni ndogo zaidi. Ukimnunulia mtu asiyekuwepo, beba kijiti chenye urefu wa mguu wake, uchomoe soli ya ndani ya kukanyagia uilinganishe na kijiti hicho.

Mke wangu akienda Mwanjelwa na 20,000 ya sweta moja la mtoto, anarudi na mfuko mzima wa nguo zisizomtosha mtu. Anasema zilikuwa buku buku. — Baba wa Iyunga

Baba, nenda naye ukabebe mfuko. Rundo la buku ni lile lililobaki baada ya wengine kuchagua, kwa hiyo kuna lulu chache na kuinama kwingi. Mfundishe kipimo cha shingo: kiuno cha suruali kikikunjwa na kuzungushwa shingoni, ncha zikakutana nyuma bila kuvutwa, aghalabu itamtosha mwenye shingo hiyo. Mtoto aende naye. Shingo ya mtoto huwezi kuikisia ukiwa sokoni peke yako.

Mama Makoti, ulikuwa mwenzetu, leo unawafundisha wateja kutukamua. Belo ukilifungua nusu matambara, na kila mara tunasikia mitumba itafungwa. — Muuzaji, Sido

Unachosema juu ya belo ni kweli, na wasomaji wakisikie. Belo la nguo la kilo 45 linanunuliwa limefungwa kwa mikanda, unalipa kwanza ndipo ukate uone. Likitoka bovu hakuna wa kumrudishia. Ndiyo maana koti zuri la asubuhi, belo linapokatwa, lina bei yake: linalipia matambara yaliyokuwa chini yake. Mwenye haraka alipe bei hiyo. Mwenye subira arudi siku za mbele, achague kilichobaki.

Kuhusu kufungwa, 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Rwanda ndiyo iliyoshikilia ushuru wake mkubwa wa mitumba, na 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo kwake bila ushuru. Sisi bado tunakata mabelo. Ila zile chupi na sidiria ulizotundika nyuma ya masweta zitoe. Shirika la Viwango, TBS, walishazipiga marufuku za mtumba, na siku wakija usiniandikie barua.

Sweta la sufu lenye tundu kubwa kiwikoni, 1,000, linafaa kitu? — Bibi wa Uyole

Shikamoo bibi. Linafaa sana kama utalifumua. Tazama mishono ya ubavuni kwa ndani. Ikiwa imekatwa na kupigwa uzi wa mashine pembeni, liache, litakupa vipande vifupi vifupi. Ikiwa kila kipande kilifumwa na ukingo wake mzima, uzi utatoka mrefu bila kukatika mpaka ufike kwenye tundu. Uzungushe kwenye miguu ya kigoda, ufunge, uloweke kwenye maji ya vuguvugu, uutundike na jiwe dogo chini ili ujinyooshe. Chagua sweta la mwanaume mnene, mkono mmoja tu unatosha kofia ya mjukuu na uzi unabaki.