Vijana wa spika, acheni kubishania titani

Kila nikipita karakana za maboksi, Buguruni mpaka Mbagala, nakuta dogo kashika twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, anawaapia wenzake kwamba kuba (kile kifuniko chake kinachotikisika) la titani ndiyo mziki, la hariri ni la redio za sebuleni. Koili, waya unaolitikisa, hajaipima. Atakata wapi kwenye krosova, yaani kigawa sauti za juu na za chini, hajui. Ila titani anaijua! Wengine nimewafundisha mwenyewe, kwa hiyo aibu ni yangu pia. Haya, tusemeshane.

1. Kuba la twita lina kazi yake, ila siyo hiyo mnayoibishania. Kila kuba lina mahali linapoacha kutembea kama kitu kimoja na kuanza kujikunjakunja. Kuba la titani au alumini la milimita 25 likitengenezwa vizuri linafika huko juu ya 20,000 Hz (mitetemo kwa sekunde), sikio halipo tena. Hariri iliyopakwa dawa inalegea mapema zaidi, ila taratibu, haipigi kelele. Sasa chukua draiva ya honi, ile inayopulizia sauti kwenye tarumbeta, yenye diaframu (kuba lake) ya titani ya inchi tatu: ule mkunjo unashuka mpaka ndani ya masikio ya watu, na hapo ndipo mnaposema "titani inakwaruza". Kwa hiyo mtu akinilalamikia titani, namuuliza kwanza ni ya ukubwa gani. Ya taarabu nyumbani nitakupa hariri. Ya singeli uwanjani nitakupa honi, maana hariri hapo utaizika kabla ya saa nne usiku.

2. Twita ya piezo, ile ya kristali, haina koili wala sumaku, amplifaya inaiona kama kapasita (kipande kinachopitisha sauti za juu na kuzuia za chini): iwekee rezista, kipingamizi cha umeme, kwenye laini.

3. Chanzo cha mali. Hapa pana kidonda changu.

Nilikuwa na maboksi mawili ya kukodisha, honi za inchi moja, ohmu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme), kila moja na kapasita ya maikrofaradi 4.7. Hesabu mnaijua, inakata sauti za chini ya 4,200 Hz hivi. Diaframu moja ikafa Ijumaa, na Jumamosi mteja ana sendofu Tabata. Nikakimbilia Kariakoo. Muuzaji akanitolea kitu kinang'aa, matundu yamekaa sawa, skrubu zinaingia. "Ileile bosi, titani orijino." Nikalipa. Multimita, kipima umeme changu, ilikuwa kwenye begi mgongoni. Mgongoni kabisa!

Kumbe ile ni ya ohmu 16. Ukumbini upande wa kushoto ukaimba kinyonge, kwa sababu ohmu zikiwa mara mbili, kwa volti zilezile koili inapata nusu ya nguvu. dB 3 za sauti zimekwenda. Mimi na ujanja wangu nikapandisha trebo kwenye mikisa ili upande ule uamke. Na ndani ya boksi mambo yalikuwa mabaya zaidi: kapasita ileile ikikutana na ohmu 16, mahali pa kukata panashuka mpaka 2,100 Hz. Diaframu ngeni ikawa inabeba sauti zisizo zake, inatikisika kupita kiasi, inakwaruza, na mimi najisifia kwamba titani hiyo, kali. Upande wa kulia, ambao haukuwa na kosa, unabugia trebo ya ziada. Taa nyekundu za amplifaya hazizimiki. Na amplifaya ikishaanza kukata vichwa vya mawimbi inazalisha sauti za juu kibao, zote zinaishia kwa twita.

Bibi harusi anaingia, MC anaomba makofi, ya kulia ikakata. Ya kushoto ikaifuata kwenye keki. Tukamalizia shughuli kwa spika za besi peke yake, MC akisikika kama anaongelea ndani ya godoro. Mama wa bibi harusi akanifuata nyuma ya meza. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Mwanangu, huu mziki unaumwa?" Salio sikulidai.

Diaframu ya ohmu 8 iliyo nzima multimita inaisoma kama 6. Ya 16 inasoma 11 au 12. Pimeni palepale kaunta, muuzaji akinuna aendelee kununa.

4. Twita mbili na diaframu ya akiba zinunuliwe siku moja, duka moja, toleo moja. Kushoto na kulia zikitoka mikono tofauti mwimbaji hakai katikati, anahamahama.

5. Kibandiko cha jina kubwa nyuma ya sumaku kinachapishwa popote. Na ukiona twita ya koili ya milimita 25 imeandikwa wati 1,000, cheka, irudishe kwenye boksi lake.

6. Mitumba ina mali nzuri sana, tena kuliko mpya nyingi, ila msiamini rangi za vituo vya waya. JBL nyingi za zamani ukiweka chanya kwenye nyekundu koni inaingia ndani badala ya kutoka. Dogo mmoja kachanganya hizo na twita mpya, moja inavuta nyingine inasukuma, akaja kwangu analia sauti ya mwimbaji imetoboka katikati, tayari kashanunua twita nyingine. Ya titani, bila shaka. Nikamgeuzia waya mbili tu, mwimbaji akarudi. Zile twita mpya bado anazo, anauza. Mkienda, bebeni multimita.