Sanduku la Barua za Ujenzi: Baba anataka injinia, mimi nataka kuchora

SWALI: Shikamoo Bi Injinia. Nimemaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), hapa Tanga. Tangu mdogo nachora nyumba, hata nyuma ya madaftari ya shule. Baba ni fundi mwashi. Anasema mchora ramani hufa njaa, anayekula ni injinia. Kuna mtu mjini anasema atanitafutia chuo Italia, uhandisi au usanifu majengo nichague mwenyewe, ila kwanza nimpe milioni mbili na nusu. Nishike lipi? Na Kitaliano ni lazima?
Binti wa fundi, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo wa milioni mbili na nusu: usimpe hata thumni. Mwaka niliokwenda mimi, marehemu mama aliuza bangili zake mbili kumlipa bwana wa aina hiyo hiyo, naye alichokifanya ni kunijazia fomu iliyokuwa ikitolewa bure. Akakosea hata jina la babu yangu, tukahangaika nalo mwezi mzima. Siku hizi wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya hujisajili kwanza kupitia Universitaly, tovuti ya serikali ya Italia, na tovuti yenyewe haitozi kitu. Simu yako na bando la wiki vinatosha.

Sasa hilo la kuchagua. Wewe na baba mnagombea milango miwili, kumbe Italia kuna wa tatu. Yako masomo yanayoitwa ingegneria edile-architettura, yaani uhandisi wa majengo na usanifu kwa pamoja, miaka mitano mfululizo. Ukimaliza unaruhusiwa kukaa mtihani wa serikali wa wahandisi au wa wasanifu, hata yote miwili ukiwa na roho ya paka. Si kila chuo kinayo. Pisa wanayo, na mimi niliyasoma Pavia, mji mdogo kilomita 35 hivi kusini mwa Milano, wenye chuo kikuu tangu 1361.

Usidhani ni nusu huku na nusu kule. Ni yote mawili juu ya kichwa kimoja. Usiku unakata kadibodi ya modeli mpaka vidole vinachanika, asubuhi una mtihani wa hesabu. Mwalimu wa usanifu anatandaza karatasi yake nyepesi juu ya mchoro uliokesha nao, anachora upya kwa penseli nene bila kukutazama, kisha anakusukumia: anza tena. Miaka mitano ya kwenye karatasi, mimi niliimaliza kwa sita na nusu, na wala sikuwa wa mwisho.

Lakini kama ningerudishwa nyuma ningechagua yale yale, na sababu ni mnara. Nilikuwa nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Alinisimulia kwamba asubuhi ya tarehe 17 Machi 1989, karibu saa tatu, alikuwa jikoni akasikia kishindo akadhani mtungi wa gesi wa jirani umelipuka. Kumbe ni Torre Civica, mnara wa matofali ulioanza kujengwa karne ya 11, wenye mita karibu 78, ubavuni mwa kanisa kuu la mji. Uliporomoka wote, ukaua watu wanne. Tetemeko halikuwepo, wala upepo. Walitafuta mpaka dalili za bomu, hawakuziona. Wataalamu walipoyapima mabaki wakakuta ukuta ulikuwa umechoka kubeba: nje matofali ya kupendeza, ndani kifusi cha mawe na chokaa, na juu kabisa chumba cha kengele cha mawe mazito kilichoongezwa karne ya 16. Mzigo ule ule, mamia ya miaka, nyufa zikikua kidogo kidogo bila mtu kuzisikia. Januari iliyofuata Italia ikaufunga kwa wageni mnara wa Pisa, ule ulioinama, na haukufunguliwa tena mpaka mwishoni mwa 2001. Kisiki cha ule wa Pavia bado kipo. Nilikuwa nakipita kila siku nikienda kununua mkate.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, Unguja. Ukuta wa nyumba ya bibi yangu ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa mkono mzima, lipu safi nje, katikati pamejazwa kilichopatikana. Nilipokuwa mtoto nilichungulia penye ufa nikaona vipande vya vigae na ganda la chaza. Kwa hiyo sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jengo la 1883, ilipoanguka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa, nilikaa na simu mkononi mpaka alfajiri. Mchoraji peke yake angeuona uso wa ukuta ule. Injinia peke yake, nisamehewe na wenzangu, angependekeza ubomolewe umwagwe zege.

Na hapa baba yako ana faida kuliko profesa. Yeye anajua fundi anaweka nini katikati ya ukuta msimamizi akiwa amekwenda kula. Kabla hujajaza fomu yoyote, nenda naye saiti wiki moja, ubebe ndoo.

Kitaliano? Ni lazima, hata wakikuambia kozi ina masomo ya Kiingereza. Kule mitihani mingi ni ya mdomo. Unakaa mbele ya profesa, wenzako wamekaa nyuma wanasikiliza, unapewa karatasi tupu na kalamu. Alama ni juu ya 30, ya kupita ni 18, na ukipewa ndogo una haki ya kuikataa ukarudi siku nyingine. Somo la kutisha linaitwa scienza delle costruzioni, yaani hesabu za jinsi jengo linavyobeba mzigo. Siku yangu, profesa alichora boriti moja juu ya nguzo mbili, akaweka mzigo katikati, akauliza inafanya nini. Jawabu nilikuwa nalo: inapinda, upande wa juu unabanwa, wa chini unavutwa. Neno la kupinda likanitoka kichwani, nikasema inavunjika. Akaitazama boriti, akanitazama mimi. "Mapema hivi?" Darasa zima likaangua kicheko. Nikarudi Septemba. Basi soma lugha kwanza, angalau miezi sita, na usisome ya kuagizia chai tu. Jifunze kueleza kitu kinafanyaje kazi.

Kuhusu pesa, ada za vyuo vya umma huko hupangwa kwa kipato cha familia, na iko ruzuku ya mkoa inayoweza kukupa chumba, chakula na kukufutia ada. Nyaraka za kipato zitafsiriwe Kitaliano na zihalalishwe kabla hujaondoka, na fundi asiye na hati ya mshahara hupata tabu hapo, basi anzeni mapema. Ruzuku ina meno: usipofaulu masomo ya kutosha mwaka wa kwanza, unaweza kudaiwa uirudishe. Ukifika, una siku nane za kazi kupeleka posta maombi ya kibali cha kukaa. Kibali cha mwanafunzi kinakuruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki. Mimi niliosha vyombo Ijumaa na Jumamosi, na Jumatatu mikono ilikuwa haishiki penseli.

Ukirudi, shahada itatambuliwa kwanza na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, halafu ndipo uende kwenye bodi ya usajili. Bara, wahandisi wana yao na wasanifu majengo wana yao, kila moja itataka kuona umesoma nini hasa. Ondoka Italia na silabasi ya kila somo yenye muhuri wa chuo. Mimi niliziacha kwa kuona ni mzigo kwenye begi, nikachukua seti ya vikombe vya kahawa.

SWALI: Bi Injinia, Ulaya wanafundishwa kujenga nyumba za kuzuia baridi. Sisi wa huku zitatufaa nini?
Mwanafunzi wa ufundi ujenzi, Bukoba

JIBU: Joto hutoka penye moto kwenda penye ubaridi, iwe Milano iwe Bukoba. Hesabu niliyofundishwa ya kuzuia joto lisitoke chumbani Januari ndiyo ninayoitumia Dar es Salaam kuzuia joto la bati lisishuke vitandani Februari. Nageuza mishale tu. Ninachokukataza ni kuiga majengo yao ya vioo vitupu, maana hapo mwenye nyumba ataishi akimlipa mtu wa umeme.

Na si lazima uvuke bahari kuona mfano. Renzo Piano, aliyehitimu usanifu Politecnico di Milano mwaka 1964, alilisanifia Emergency, shirika la Kiitaliano la matibabu, hospitali ya upasuaji wa watoto huko Entebbe, iliyofunguliwa 2021. Kuta zake ni za udongo uliochimbwa hapo hapo, ukashindiliwa ndani ya kalibu tabaka baada ya tabaka, na juu kuna paa la paneli za sola linalotia kivuli. Ni kando ya ziwa hilo hilo mnalovulia dagaa. Ukienda, simama karibu na ukuta uhesabu matabaka, kila moja ni zamu ya kushindilia. Ila omba ruhusa getini kwanza, watoto wa watu wamelazwa pale.