Kupima dunia kwa kivuli: kwa wanaoanza astronomia

Mapema tu katika masomo utakutana na Eratosthenes, Mgiriki aliyeongoza maktaba ya Aleksandria, Misri, karne ya 3 KK. Wengi hukariri jibu lake, mzingo wa dunia wa stadia 250,000 (stadia ni kipimo cha urefu cha Wagiriki wa kale), kisha wakafunua ukurasa. Tulia hapo. Wataalamu bado wanabishania urefu wa stadia yake: ikiwa mita 185, mzingo unapita kilomita 46,000, ikiwa kama mita 157, unakaribia 40,000, ambao ndio wa kweli. Kilicho na faida kwako ni njia aliyopita.

Ilijulikana kwamba Syene, Aswan ya leo, adhuhuri ya siku iliyo ndefu kuliko zote jua husimama utosini. Adhuhuri hiyohiyo, Aleksandria kivuli kilikuwapo, na pembe yake ilikuwa sehemu 1 ya 50 ya duara, yaani nyuzi 7.2. Umbali wa miji hiyo ulihesabiwa stadia 5,000. Ukizidisha kwa 50, umemaliza.

Kabla hujazidisha, orodhesha kila alichokichukulia kuwa kweli. Syene iwe juu ya Tropiki ya Kansa, mstari ambao jua hufika utosini siku hiyo: iko kaskazini yake kidogo. Miji iwe kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini: Aleksandria iko magharibi kwa nyuzi 3 hivi. Miale ya jua ifike sambamba, na dunia iwe mviringo. Hapa pana jambo ambalo walimu wengi hulipita: vivuli viwili peke yake havithibitishi mviringo. Mtu wa dunia bapa na jua la karibu atavieleza vilevile. Mviringo ulikuwa umeshatetewa na mwanafalsafa Mgiriki Aristotle, kwa kivuli cha dunia kinachoonekana mwezini wakati wa kupatwa.

Kisha rudia jaribio hilo mwenyewe. Mombasa na Mtwara zinafaa sana: zinakaribia kuwa kwenye mstari mmoja, na kati yake ni kama kilomita 690 moja kwa moja, si kwa barabara. Kila upande usimamishe kijiti cha mita 1, kinyooshwe kwa timazi. Msiamini saa ya ukutani. Wekeni alama ya ncha ya kivuli kila baada ya dakika chache, kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba, mchukue kilicho kifupi kuliko vyote. Kuweni makini na ncha, maana haina ukingo mkali: kosa la sentimita 1 tu hubadili pembe kwa zaidi ya nusu nyuzi, wakati tofauti nzima mnayoitafuta ni nyuzi 6 na kidogo.

Andikeni pia kivuli kimeelekea wapi. Mwezi Machi siku ya mlingano, jua likiwa juu ya ikweta, vyote viwili vitaelekea kusini, basi toeni pembe moja kwa nyingine. Lakini mkipima siku ambayo adhuhuri jua liko utosini mwa sehemu iliyo kati ya miji hiyo, cha Mombasa kitaelekea kaskazini na cha Mtwara kusini. Hapo pembe zinajumlishwa.